Nyumba za bei nafuu Minneapolis: nafuu kwa mshahara wa nani?

Jengo jipya la bei nafuu likianza tu kupanda huku Minneapolis, grupu zetu za WhatsApp zinawaka moto, watu wanarushiana linki, jaza fomu haraka kabla hazijaisha. Na mimi huzituma pia. Shida ni kwamba wengi wetu tunadhani hizi ni nyumba za serikali na kodi utapigiwa kulingana na mshahara wako. Wapi!

Huu mpango wa krediti za ushuru za kujengea nyumba (wenyewe wanauita LIHTC) ulianza 1986 wakati wa Reagan. Serikali haimpi developa pesa mkononi, inampa krediti za ushuru, yeye anaziuza kwa wawekezaji, mara nyingi ni benki, benki inatoa pesa ya kujenga halafu inapunguziwa ushuru wake kila mwaka kwa miaka 10. Kwa hivyo msiseme benki imetoa sadaka. Lakini pia siwezi kuuponda mpango wote, maana ile minara ya Riverside Plaza pale Cedar-Riverside, ile ya zege yenye vibao vya rangi rangi ambayo Wasomali na Waoromo wamejaa (na kwa lifti hukosi kusikia Kiswahili cha Eastleigh), nyumba zaidi ya 1,300, ilikarabatiwa miaka ya 2011 na 2012 kwa krediti hizo pamoja na zile za majengo ya kihistoria, na sioni nani mwingine angeleta pesa kama hiyo mtaa kama ule.

Kinachoniudhi ni kipimo. Kodi inapigwa kwa AMI, yaani mapato ya kati ya eneo zima la Twin Cities (Minneapolis, St. Paul na vitongoji vyake), na eneo zima maana yake Edina wamo, Minnetonka wamo, watu wa maboti na nyumba za kando ya ziwa. Familia ya watu wanne inahesabiwa kuwa katikati ikiwa na zaidi ya dola 120,000 kwa mwaka! Nyumba ya "asilimia 60" inachukua asilimia 60 ya hiyo, halafu asilimia 30 ya hapo ndiyo kodi ya juu kabisa, ukipiga hesabu vyumba vitatu vinaweza kufika dola 1,800 na zaidi kwa mwezi, stima na maji vikiwa ndani. Sasa mchukue mama anayepaki mizigo kwa wearhausi kwa dola 20 kwa saa. Huyo kwa mwaka anapata kama 41,600 kabla ya makato, na theluthi ya mshahara wake haifiki hata 1,200. Kwa karatasi amehitimu kabisa, kwa mfuko bado.

Na hapo kwa fomu wanaangalia mapato kabla ya makato yoyote. Zile dola unazotuma nyumbani kila mwezi, karo ya mdogo wako, dawa za shosho, hakuna sanduku la kuziandika, wao wanahesabu ni kama unazila wewe. Ndugu akikutumia pesa kila mwezi, hiyo nayo wanaiweka kama mapato, ikiingia inaonekana ikitoka haionekani.

Kitu kingine, kuna watu wanakataa ovataimu hata baada ya kuhamia, wanaogopa wakipata zaidi watafukuzwa. Si hivyo jamani. Kikomo cha mapato kinakubana sana wakati wa kuingia, ukishaingia mshahara ukipanda sheria ya krediti haisemi utolewe, ni landlodi ndiye mwenye masharti ya kufuata kwa nyumba inayofuata kuwa wazi. Chukua ovataimu yako.

Sheria ya Julai 2025 imeongeza kwa asilimia 12 mgao wa zile krediti kubwa zinazoitwa za asilimia 9, kuanzia 2026, kwa hivyo majengo yatakuja zaidi. Sawa, yaje, lakini developa akija kwa mkutano wa mtaa na zile picha zake za miti na watoto wenye baiskeli, swali ni moja: nyumba ngapi ni za asilimia 30? Za 60 tunazo. Na kama una vocha ya Section 8 (si ya simu, ni ile ya serikali ya kusaidia kulipa kodi ya nyumba) wakikuambia hawachukui vocha, kwa jengo la krediti hawaruhusiwi kukukataa kwa sababu hiyo, waambie wakuandikie hilo jibu kwa barua.