Huku picha inauza, nyumbani picha inashonwa

Kijana aliye nyumbani na mwenzake aliye huku Ulaya wanaweza kufuata ukurasa mmoja wa mitindo Instagram, wakaiona picha ileile siku ileile, kisha kila mmoja akaitumia kivyake. Wa huku anaibonyeza, inamfungulia duka. Wa nyumbani anaihifadhi kwenye simu na kuipeleka kwa fundi. Nimeishi pande zote mbili, na ninachoamini ni kwamba yule wa nyumbani ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa mtanashati kupitia mitandao kuliko huyu wa huku. Tatizo ni kwamba kurasa nyingi anazozifuata hazikumlenga yeye. Zimemlenga mnunuzi.

Huku nguo unaikuta imeshashonwa, inaning'inia dukani au imewekwa kwenye tovuti, na kazi yako ni kuchagua saizi. Fundi wa kukupima, kukukatia kitambaa na kukushonea suti ya mwili wako yupo, lakini wengi wetu hatumwezi. Tunayemmudu ni yule wa kupunguza urefu wa suruali na kubana kiuno. Ndiyo maana mwenye ukurasa wa mitindo wa huku anazungumzia zaidi alichonunua na alikokinunua. Picha huambatana na kiungo cha duka, na ukinunua kupitia kiungo hicho mara nyingi naye anapata kamisheni yake. Si siri: Marekani na Uingereza zina taratibu zinazomtaka aseme wazi kama amelipwa, na Instagram yenyewe ilianza kuweka alama ya ushirikiano wa kulipwa mwaka 2017. Simwoni kuwa mwongo. Baadhi yao wana jicho zuri sana la rangi, na nimejifunza mengi kwao. Ila picha yake imepigwa ili bidhaa ionekane, na anayetaka kujua nguo imekatwaje haambiwi kitu.

Hili nililiona vizuri nilipokuwa likizo nyumbani nikamsindikiza binamu yangu kwa fundi. Alikuwa na picha ya koti la kijivu aliloliona kwenye ukurasa mmoja mkubwa, na alikuwa na hakika kwamba picha inatosha. Fundi, mzee mtulivu mwenye futi shingoni, aliipokea simu, akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka kifungo kikajaa skrini.

"Mwanangu, mgongo wake uko wapi?"

Binamu akatafuta. Ukurasa ule ulikuwa umeliweka koti lile mara nyingi, zote picha za mbele, jamaa ametia mkono mfukoni. Mzee akaendelea kuuliza. Mpasuo wa nyuma ni mmoja au miwili? Begani kuna pedi, au bega limeachwa lilale lenyewe? Bitana ni nzima au nusu? Kitambaa ni sufu au poliesta? Hatukuweza kumjibu hata moja. Kisha akatuonyesha mikunjo midogo iliyotoka kwenye kifungo na kwenda pande nne, ikachora herufi X tumboni. "Hili linambana. Anapendeza kwa kuwa amesimama. Mwambie akae uone."

Tangu siku hiyo siangalii picha ya suti bila kuitafuta ile X. Na kuna jingine ambalo picha ya mbele haiwezi kukuambia: kwenye upigaji wa picha za mitindo ni jambo la kawaida kulibana koti kwa vibanio mgongoni ili mbele likae sawasawa. Kwa hiyo fundi anayeambiwa "nishonee kama hii" huenda anaagizwa kitu ambacho hata aliyepigwa picha hakuwa nacho mwilini. Nguo ikitoka tofauti, lawama zinamwangukia fundi, na hilo linaniuma kwa sababu ndiye mtu pekee katika mnyororo mzima aliyeuliza maswali ya maana.

Umbo la picha nalo limechangia. Instagram ilipoanza mwaka 2010 ilikubali picha za mraba tu, na ikaendelea hivyo hadi 2015. Ukiingiza mtu mzima kwenye mraba, ama unamkata miguu ama anabaki mdogo katikati ya picha. Basi kurasa za miaka ile zikajaa vifua: tai, leso ya mfukoni, saa, ndevu zilizochongwa. Naamini ndiko ulikotoka ugonjwa ninaouona kwa wanaume wengi wa rika langu, huku na nyumbani, wa kuhangaikia tai na kuisahau suruali. Koti limekaa vizuri, tai imefungwa kwa ustadi, halafu suruali inajirundika juu ya kiatu au inabana paja mpaka mfuko umefunguka. Suruali ndiyo nusu ya mwili wako. Ukurasa usioonyesha watu kuanzia kichwani hadi kwenye viatu mimi siufuati tena.

Kwa sababu hiyo nawaheshimu wanaopiga picha watu wakiwa katika mwendo. Mmarekani Scott Schuman alianza mwaka 2005 kupiga picha za watu aliokutana nao mitaani New York na kuziweka mtandaoni, Instagram haijazaliwa, na wengi wamepita njia hiyo baada yake. Mtu anayevuka barabara hana nafasi ya kubana tumbo. Unaona suruali inavyoanguka anapoinua mguu, unaona kama mkono wa koti unaacha kipande kidogo cha shati kionekane au umemeza kiganja chote. Picha nyingi za aina hiyo hutoka Florence, Italia, kwenye maonyesho ya mavazi ya wanaume yaitwayo Pitti Uomo, yaliyoanza mwaka 1972 na hufanyika Januari na Juni. Wanaokwenda pale wanajua kamera zinawasubiri, sawa, lakini wako nje, kwenye jua, wanatembea na kukaa, na nguo inaonekana ilivyo.

Zingatieni huo mwezi. Picha za Januari ni za baridi: koti zito, sweta ndani, skafu, wakati mwingine kizibao juu ya sweta. Picha za Juni ni za joto, na hizo ndizo za kumpelekea fundi wa nchi ya joto. Linasikika dogo, lakini karibu kila siku naona wadogo zetu nyumbani wakisifia na kuiga mavazi ambayo huku tunayavaa kwa sababu tukiyavua tutaugua. Mimi mwenyewe sivai vitu vitatu kwa kujipamba mwezi wa Januari. Navaa kwa sababu kuna barafu nje. Kijana wa nyumbani akivaa sufu nzito yenye bitana nzima ya poliesta, ataloa jasho kabla hajafika anakokwenda, na suti iliyoloa haipendezi hata ikiwa imeshonwa na malaika.

Ambacho kurasa hazisemi, na mafundi wazuri wanakijua, ni uzito wa kitambaa. Vitambaa vya suti hupimwa kwa gramu kwa kila mita. Chepesi cha joto huwa kwenye mia mbili na kitu, cha baridi kinaweza kupita mia nne. Kwenye picha vyote viwili ni "suti ya bluu". Tena si lazima joto likufukuze kwenye sufu: ipo sufu iliyofumwa kwa uwazi, ukiinyanyua kwenye mwanga unaona vitundu, na hiyo inapitisha hewa vizuri huku ikikunjamana kidogo kuliko kitani. Kitani chenyewe kikikunjamana kiacheni kikunjamane, ndiyo tabia yake. Koti la joto likikosa bitana mgongoni, au likawa na nusu tu, utaona tofauti siku ya kwanza.

Nikiambiwa nitaje akaunti moja ya kufuata, nitamtaja Derek Guy wa Marekani, anayejulikana kwa jina la dieworkwear kwenye mtandao wa X, uliokuwa ukiitwa Twitter. Yeye kazi yake ni kueleza. Anachukua picha ya mwanasiasa au mwigizaji na kukuonyesha kwa nini koti lake limekaa au limekataa. Ukisoma maelezo yake kwa muda, macho yako yanabadilika. Unaanza kuangalia kola ya koti: je, imelala juu ya kola ya shati, au imeacha mwanya shingoni? Unaangalia kama bega linaishia pale bega lako linapoishia. Unaona kuwa suruali inayokaa juu kiunoni inaurefusha mguu, na inayokaa chini ya kitovu inaacha pembetatu ya shati chini ya kifungo cha koti. Haya ni maarifa yasiyodai ununue chochote, na ndiyo hasa anayoyahitaji mtu mwenye fundi. Unaweza kumsomea fundi wako aya nzima akakuelewa neno kwa neno.

Lakini nisiwaache mkadhani hekima yote iko Marekani na Italia. Sisi tuliokulia na muziki wa Kongo tuliwajua masapeur, wale watanashati wa Kongo waliofanya kuvaa kuwa sanaa, kabla ya mitandao. Mwanamuziki Papa Wemba, aliyefariki mwaka 2016, aliupeleka mtindo ule mbali kuliko mtu yeyote, na leo kurasa za masapeur wa Kinshasa na Brazzaville zinaonyesha wanaume wa rika zote, wengi si matajiri, waliovaa kwa nidhamu kubwa. Wana kanuni ya kutozidisha rangi tatu kwenye vazi moja. Jaribuni kuitumia kwa wiki chache muone jinsi kabati linavyotulia. Mwaka 2025 jumba la makumbusho la Metropolitan jijini New York lilifanya maonyesho makubwa kuhusu suti na utanashati wa watu weusi, yaliyotokana na utafiti wa msomi Monica L. Miller. Nilifurahi kuona dunia inakuja kujifunza kwetu, kwa kuwa huku ughaibuni tunaambiwa mara nyingi kwamba mavazi ya heshima tumeazima.

Suala la rangi ya ngozi linahitaji neno lake. Nguo ya kijivu hafifu inayomng'arisha mwanamume mwenye ngozi nyeupe kwenye mwanga wa mawingu wa kaskazini inaweza kumpoozesha mtu mweusi, na ile haradali au kijani kilichokolea anayoikimbia yeye inatutoa sisi vizuri kupita kiasi. Mbunifu wa suti Ozwald Boateng, aliyezaliwa London kwa wazazi wa Ghana na kufungua duka lake miaka ya 1990 eneo la Savile Row, mtaa maarufu wa mafundi suti wa London, alilithibitisha hilo kwa suti za zambarau, nyekundu na bluu kali kwenye mtaa uliozoea kijivu na bluu ya giza. Tafuteni watu wenye ngozi yenu. Halafu tafuteni wenye mwili wenu, umri wenu na kazi yenu. Mwanamume mwenye mapaja mazito na kitambi kidogo hafaidiki na ukurasa wa kijana mrefu mwembamba wa miaka ishirini, hata akiutazama usiku kucha. Atajichukia tu. Akaunti za watu wazima, wanene, wafupi, wenye mvi, zipo tele, lakini mfumo wa mtandao unaokuchagulia cha kuona hauwezi kukuletea usipouelekeza: unahesabu hata muda unaokaa kwenye video, kwa hiyo ukiganda kwenye usiyoyahitaji utaongezewa hayohayo.

Hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu tulioko huku. Tunaposti nembo. Begi hili, raba hizi, boksi la kiatu limefunguliwa kitandani, na wadogo zetu nyumbani wanaamini ndiyo sura ya mafanikio. Wanaacha kitambaa kizuri na fundi wa uhakika, wanakimbilia fulana yenye jina kubwa kifuani ambayo mara nyingi hata si ya kampuni hiyo. Tunawadhulumu. Kijana anayeweza kukaa na fundi wake wakabishana kuhusu upana wa kola ana kitu ambacho huku watu hukipata kwa gharama kubwa, na sisi ndio tulio na wajibu wa kumwambia hivyo, kwa sababu sisi tunajua pande zote mbili.

Mimi siku hizi nimezigawa picha ninazohifadhi kwa sehemu za nguo: kola, mabega, mpasuo wa nyuma, urefu wa suruali, viatu vinavyokubaliana na suruali nyepesi. Nikitaka koti, simpelekei fundi picha moja ya jamaa mmoja. Ninampelekea bega la huyu, mgongo wa yule, na jina la kitambaa. Simu ikiita akiniuliza swali, najua tunakwenda vizuri.

Na kurasa ninazozifungua kwa hamu zaidi sasa ni za mafundi wenyewe wa nyumbani. Wengi huweka picha ya mteja aliyemaliza kuvalishwa, anatabasamu, basi. Nawaomba waweke na ile ya majaribio ya kwanza, koti likiwa na mistari ya chaki, mkono mmoja haujaungwa. Kwenye chache za aina hiyo nilizoziona ndipo nilipojifunza kuwa urefu wa mkono na upana wa kiuno vinarekebishika, lakini mabega ni kazi ngumu na mara nyingi haina faida kuianza. Kwa hiyo hata huku, nikiingia duka lenye nguo zilizokwisha kushonwa, naanza na mabega. Yakikataa narudisha koti kwenye hanga.