Mbuzi wa Kesi ya Trump

Ubaya wa kuishi New York ni kwamba ndugu zangu wa Muheza wanaamini mji huu una mtaa mmoja, na kwenye huo mtaa mmoja mimi na Trump tunapakana ukuta. Mimi nabeba maboksi. Nina kigari cha kukodi na mgongo unaouma, na nikirudi chumbani kwangu Bronx nataka kusonga ugali wangu nilale. Lakini tangu Aprili 2024, kesi ilipoanza kusikilizwa pale Manhattan, simu yangu imegeuka meza ya karani wa mahakama.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Ehe, leo shahidi kasemaje?"

Habari ya afya yangu, hakuna. Nimekula, sijala, hakuna. Ikabidi nikae kwenye gari nimfafanulie: makosa ni 34, yote ya kughushi kumbukumbu za biashara.

"Thelathini na nne! Alikuwa anaghushi kwa zamu?"

Nikamwambia wamehesabu karatasi mojamoja: ankara 11, hundi 11, na maandishi 12 ya kwenye vitabu vya hesabu. Zote za kuficha hela aliyorudishiwa wakili wake, kwa kuwa wakili ndiye aliyemlipa Stormy Daniels, yule mwanamke wa filamu za ngono, dola 130,000 anyamaze kuhusu usiku anaodai alilala na Trump.

"Na akanyamaza?"

"Kaja mahakamani kutoa ushahidi, Mjomba. Siku mbili."

Kimya. Halafu: "Basi kesi ndiyo hiyo! Hela imeliwa na siri imetoka! Angemshitaki huyo mama!"

Sijakaa vizuri, simu inaita tena. Baba Mdogo. Huyu yuko upande wa pili, na tangu mahari ya Mama ilipojadiliwa hajawahi kukubaliana na Mjomba kwa jambo lolote. "Wanamwonea," anasema. "Mtu anataka kurudi madarakani, wanamwekea kesi. Na jela haendi. Mkubwa hafungwi, mwanangu. Mkubwa huumwa."

Mama peke yake ndiye aliyeuliza jambo la maana. Alisikia hakimu kamkataza mzee wa watu kuwasema mashahidi na wazee wa baraza, naye kila akiteleza anatozwa dola 1,000, zikafika 10,000. Mama akaguna. "Elfu moja kila akifungua mdomo? Shangazi yako angekuwa keshauza shamba."

Sasa Mjomba na Baba Mdogo wakawekeana: Mjomba anasema Trump atashindwa kesi, Baba Mdogo anasema hashindwi. Mjomba anasisitiza si kamari, ni "ahadi ya wanaume". Yeye katoa mbuzi jike, Baba Mdogo katoa baiskeli, vyote vikapelekwa uani kwa Mama: mbuzi kafungwa kwenye mchungwa, baiskeli ikaegeshwa hapo hapo. Masharti hayakuandikwa popote. Hapo ndipo pa kuangalia.

Tarehe 30 Mei nikawa na mzigo wa kushusha Chinatown, jirani kabisa na mahakama. Njia zimefungwa, helikopta juu kama nzi wa dagaa, na ile bustani iliyo mbele ya mahakama imejaa watu wa pande mbili wanaopigiana kelele. Huku bendera na kofia nyekundu, kule mabango ya kutaka afungwe. Katikati kuna kijana wa Kisenegali na mabegi mawili. Begi la kushoto fulana zenye ile picha ya Trump aliyopigwa jela ya jimbo la Georgia mwaka 2023 kwa kesi nyingine, kakunja uso kama baba mwenye nyumba aliyekuta wapangaji wanakaangia samaki sebuleni. Begi la kulia fulana za kumzomea. Anamtazama mteja usoni kwanza, halafu ndipo anajua afungue begi lipi. Mmachinga hasa. Nilimwangalia mpaka nikasahau kwamba nimeegesha mbele ya bomba la zimamoto.

Saa kumi na moja jioni hukumu ikatoka: hatia, makosa yote 34. Nusu ya bustani ikalipuka kwa shangwe, nusu ikalaani. Muheza ilikuwa saa sita usiku na simu ikaita hapo hapo.

"Nimekula baiskeli!" Mjomba anapiga kelele, na nyuma yake jogoo limechanganyikiwa linawika.

Dakika tano baadaye, Baba Mdogo: "Mwambie alale. Tulisema jela. Kafungwa? Nakuuliza wewe uliye hapo, umemwona amefungwa?"

Nilichokuwa naona mimi ni karatasi ya faini ya kuegesha kwenye kioo cha gari. Dola 115.

Adhabu ikapangwa kusomwa Julai. Ikasogezwa Septemba. Ikasogezwa tena baada ya uchaguzi, jamaa akashinda, ikasogezwa tena. Uani kwa Mama huku nako mambo hayakusimama. Mbuzi kumbe alikuja na mimba yake, akazaa mapacha. Baiskeli ikaisha upepo magurudumu yote. Mjomba akadai watoto ni wake kwa kuwa mimba ilitungwa kwake. Baba Mdogo akasema aliyewekwa ni mbuzi na vilivyomo.

Tarehe 10 Januari 2025, siku kumi kabla ya kuapishwa, adhabu ikasomwa, mwenyewe akisikiliza kwa video kutoka Florida. Kuachiwa bila masharti. Hakuna jela wala faini. Hatia iko pale pale, lakini adhabu sifuri. Nililisoma hilo neno mara mbili nikiwa nimeegesha, safari hii mbali na bomba.

Nikadhani yameisha. Mjomba: hatia ipo, leta baiskeli. Baba Mdogo: jela haipo, leta mbuzi na wanawe. Wakanitaka niwatumie nakala ya hukumu, kwa Kiswahili, yenye muhuri.

Halafu Oktoba 2025 mawakili wake wakawasilisha rufaa, na kwa mara ya kwanza wazee wangu wakanipigia simu moja kwa pamoja. Wamekaa, wamekubaliana. Shauri lingali mahakamani, kwa hiyo mbuzi, wanawe na baiskeli vinabaki kwa Mama kama vielelezo mpaka rufaa iamuliwe. Pumba, dawa ya minyoo na kamba mpya, maana ya zamani ameila, ni juu yangu.

"Kwa nini mimi?"

"Si wewe uko karibu na mahakama?"