Anza na Kemia, Masomo ya Jumla Yatakungoja

Mzazi aliyeko Mwanza au Kisumu akisikia mwanawe aliyekwenda Marekani anasoma koleji ya jamii ya miaka miwili, swali la kwanza ni moja: kwani alifeli nini? Hakufeli kitu. Kule California wengi huanzia hapo kwa ada nafuu, kisha huhamia chuo kikuu na kutoka na shahada ileile ya wenzao waliotangulia kuingia. Njia hiyo naitetea. Kinachonikera ni ushauri wanaopewa vijana wetu wanaotaka kemia: "Maliza kwanza masomo ya jumla, sayansi utaikuta mbele."

Kwa anayesoma historia, sawa. Kwa kemia huo ni mtego. Kemia ya mwanzo ni mihula miwili, na bila kuimaliza huruhusiwi kugusa kemia ogania, yaani kemia ya misombo ya kaboni, ambayo nayo ni mihula miwili. Hapo miaka miwili imekwisha, na hujakosa muhula hata mmoja. Sambamba nayo kuna kalkulasi mpaka ile ya vigeu vingi, na fizikia isiyosomeka bila kalkulasi. Sasa mtu huyu apoteze mwaka mzima kwenye historia ya sanaa na kozi ya kuhutubia! Atafikisha zile yuniti 60 (vipimo vya uzito wa kozi) zinazotakiwa ili kuhamia, na alama nzuri tu, lakini chuo kikuu ataitwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu huku anasoma na wa mwaka wa pili. Kemia ya kifizikia, inayotegemea kalkulasi na fizikia hizo, itabidi aisubiri, na kila muhula wa ziada analipa ada ya chuo kikuu.

Aliyepungukiwa na hesabu akae koleji miaka mitatu, si aibu.

Kabla ya kujiandikisha, fungua tovuti ya ASSIST. Unachagua koleji yako, chuo unakotaka kwenda na fani, nayo inakuonyesha kozi kwa kozi ipi inalingana na ipi. Kampasi sita za Chuo Kikuu cha California hutoa ahadi ya nafasi kwa wanaotimiza masharti. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Na ukianza kemia ogania koleji, imalize hapohapo. Vyuo havifuati mpangilio mmoja wa mada, na anayehama katikati hujikuta amerudia nusu na kuruka nusu.

Maabara za koleji nazo zisidharauliwe. Ukipima asidi kwa bureti, mrija wenye koki wa kudondoshea kimiminika, ukaachia tone moja la ziada, rangi ya chupani ikageuka waridi iliyokolea badala ya waridi hafifu, anayekuja mezani kwako mara nyingi ni mwalimu yuleyule aliyekufundisha darasani. Katika vyuo vikuu vingi vikubwa, mwaka wa kwanza utasimamiwa na mwanafunzi wa uzamili au uzamivu. Tunza daftari lako la maabara na mihtasari ya kozi, maana chuo kikuu kinaweza kuidai.

Mwalimu huyo ndiye wa kumwomba barua ya mapendekezo. Programu za utafiti wa kiangazi ziitwazo REU, zinazofadhiliwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, hupokea hata wanafunzi wa koleji na huwalipa posho. Mkimbizi wa Kongo aliyekwisha kupata kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuomba. Mwenye viza ya mwanafunzi, hapana.