Kisima kipimwe masika

Sisi watu wa Lamu tumezoea kuyahukumu maji kwa ulimi. Maji ya Shela, kijiji cha kisiwani kwetu, husifiwa kwa kuwa hayana chumvi, ya visima vingine tunayakunjia uso, na maneno yanaishia hapo. Kinyesi kilichopenya kutoka shimo la choo la jirani ulimi haukioni, na maji yake huweza kung'aa vizuri tu ndani ya gilasi.

"Mababu walikunywa hapa," utaambiwa. Walikunywa, ndiyo, na vyoo vilikuwa vichache. Leo nyumba zimebanana, wageni wamejaa, na mchanga wa vilima vya Shela uliotuhifadhia maji ya mvua hauchagui kinachopita.

Maabara haihangaiki kutafuta kila kijidudu cha maradhi. Hutafuta E. koli, bakteria wa matumboni mwa watu na wanyama (punda wetu wamo). Akionekana, kinyesi kimeshafika majini, na kipindupindu au homa ya matumbo vina njia ya kupita. Mililita 100 za maji hupitishwa kwenye chujio la matundu ya mikromita 0.45, chujio huwekwa juu ya chakula cha bakteria kwenye joto la nyuzi 44 hivi, kesho yake madoa (kila doa ni kundi la bakteria) yakahesabiwa. Kwa Shirika la Afya Duniani, maji ya kunywa yasiwe na hata moja.

Kipimo sina neno nacho. Neno langu ni majira. Kisima kikipimwa Februari, ardhi kavu, cheti kitatoka safi. Mvua za Aprili na Mei ndizo zinazojaza mashimo ya vyoo na kuyateremsha yaliyomo hadi kwenye maji. Cheti cha kiangazi, kwangu mimi, ni pambo la ukutani.

Tena sampuli inataka barafu na ifike maabara ndani ya saa 24, nasi kwanza tuvuke kwa boti hadi Mokowe, bara. Ndiyo maana napendelea chupa yenye karatasi ya dawa inayogeuka nyeusi kwa gesi ya yai viza, ambayo bakteria wa kinyesi huitoa: ukitia maji ukaiacha chumbani, joto letu hili linaitosha bila umeme, na maji yakigeuka meusi ndani ya siku moja au mbili, kisima kishukiwe. Haihesabu bakteria, na kisima ambacho maji yake yana harufu hiyo tangu asili kitaidanganya. Hata hivyo kamati ya mtaa inaweza kuitumia kila baada ya mvua kubwa, ikabandika majibu pale pale penye ndoo na kamba, na visima vilivyoshukiwa tu ndivyo sampuli zake zivuke.