Majitaka ya Dodoma Yahesabiwe Kuwa Chanzo cha Maji

Mwezi wa Septemba, wakati mvua imekwisha kukatika tangu Aprili na makorongo ya pembezoni mwa jiji yamebaki mchanga mtupu, mchicha na chainizi havikosekani katika Soko la Majengo. Sisi tunaonunua mara nyingi hatuulizi zimemwagiliwa kwa maji gani. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki mboga za kiangazi hufuata mkondo wa majitaka, kwa sababu huo ndio mkondo pekee usiokauka, na mkulima asiye na kisima hawezi kulaumiwa kwa kuona maji yanapita kando ya shamba lake akayachota. Kwa hiyo naona tumechelewa kujadili kama majitaka yafae kwa kilimo. Yanatumika tayari, na kinachokosekana ni kuyasafisha vizuri, kuyapima, na kuyagawa kwa utaratibu unaojulikana.

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu. Maji ya jiji kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, ambako hupandishwa kwa pampu za umeme kutoka chini ya ardhi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa hii. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji. Maji yanayowahudumia watu wote hao hutafutwa kwa gharama kubwa, hupita jikoni na bafuni mara moja tu, kisha yakifika kwenye mabwawa ya majitaka huachiwa jua liyanyonye. Katika nchi kame kama Ugogo, ambako wazee wetu walifukua mchanga wa mito mikavu ili wapate ndoo moja, jambo hilo linaniuma.

Tufanye hesabu ndogo. Tuchukue watu 10,000 waliounganishwa na bomba la majitaka, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, na lita 60 kati ya hizo zikarudi bombani. Hiyo ni lita 600,000 kila siku, kiangazi na masika. Hekta moja inayohitaji milimita 5 za maji kwa siku hutumia lita 50,000, kwa hiyo watu hao 10,000, bila kujua, wanaweza kumwagilia hekta 12, yaani ekari 30 hivi. Hesabu hii haijatoa maji yanayopotea njiani wala yanayopaa juu ya mabwawa, na nyumba nyingi za Dodoma bado zina mashimo ya choo yanayonyonywa na magari, lakini inatosha kuonyesha kwamba kila mtaa unaounganishwa na bomba unaongeza shamba mahali fulani.

Mabwawa yenyewe ni teknolojia inayoifaa hali yetu ya hewa. Maji hupita kwanza katika bwawa lenye kina kirefu lisilo na hewa, ambako tope huzama na kuoza. Kisha huingia katika mabwawa mapana yasiyo na kina, ambako mwani huzalisha oksijeni, jua huua vimelea, na mayai ya minyoo huzama chini kwa kuwa maji hukaa kwa siku nyingi. Usafi huo una masharti. Tope lisipotolewa kwa wakati, bwawa hujaa, maji hupita haraka kuliko ilivyokusudiwa, na kinachotoka upande wa pili kinaweza kuonekana kimetulia ilhali bado kina minyoo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka kiwango cha yai moja la minyoo, au pungufu, kwa kila lita ya maji ya umwagiliaji. Macho hayawezi kuona jambo hilo. Linahitaji maabara, na majibu ya maabara yanapaswa kubandikwa pale mkulima anapofungulia maji, kwa Kiswahili chepesi, kila mwezi.

Si kila zao liyapokee maji hayo. Mboga zinazoliwa mbichi ningezikataza kabisa mpaka vipimo vizoeleke na kuaminika. Ningeanza na zabibu za mvinyo, zao ambalo Dodoma imejulikana kwalo na ambalo huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu mzabibu hupandishwa juu ya waya, na ukimwagiliwa kwa matone maji huishia shinani bila kugusa tunda. Baada yake malisho ya ng'ombe na miti ya kuni. Huko Moshi, maji yanayotoka kwenye mabwawa ya Mabogini yametumika katika mashamba ya mpunga, hivyo hatuzungumzii jambo geni nchini. Windhoek, nchini Namibia, wamekwenda mbali zaidi, kwani tangu mwaka 1968 hurudisha majitaka yaliyosafishwa katika maji ya kunywa. Sisi hatuna haja ya kufika huko, maana shamba linatutosha.

Kuhusu nishati, tope la bwawa lile la kwanza hutoa methani, gesi ileile inayowaka katika jiko la biogesi la mfugaji, na ikiachwa ipae hulipasha joto anga mara zaidi ya 25 kuliko kiasi hichohicho cha hewaukaa kwa kipindi cha miaka 100. Mtambo wa As Samra nchini Yordani, unaosafisha majitaka ya Amman, hujizalishia sehemu kubwa ya umeme wake kwa biogesi na kwa mteremko wa maji, na maji yake huishia mashambani. Dodoma isiahidiwe umeme wa jiji zima kutokana na majitaka. Bwawa likifunikwa kwa turubai imara, gesi hiyo inaweza kusaidia kuendesha pampu za kusukuma maji mashambani, au kupikia katika taasisi jirani, wakati huu ambapo serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni na mkaa.

Linalonitia wasiwasi kuliko minyoo ni chumvi. Sabuni na mkojo huongeza chumvi katika maji, jua la kwetu hupunguza maji bwawani na kuiacha chumvi palepale, na mvua yetu ni haba mno kuisukuma chini ya mizizi. Mzabibu hauvumilii chumvi nyingi, nayo haionekani mwaka wa kwanza. Huonekana miaka kadhaa baadaye, majani yanapoungua kingo na mavuno kupungua. Mkulima atakayekubali kuanza na maji haya anabeba hatari hiyo kwa niaba ya jiji zima. Kwa hiyo mkataba wake usiishie kwenye bei ya maji. Uandikwe ndani yake kwamba udongo wa shamba lake utapimwa bure kila baada ya mavuno, kwamba atapewa maji ya ziada ya kuisafisha chumvi vipimo vikipanda, na kwamba atafidiwa mizabibu ikifa kwa sababu hiyo.