Kittyhawk ya Jangwani Isingepakwa Rangi

Kila nikitazama picha za Kittyhawk ET574, ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Pili, zilizopigwa katika jangwa la Misri mwaka 2012, moyo huniuma. Mfanyakazi wa mafuta kutoka Poland aliikuta imelalia tumbo, miaka 70 tangu Dennis Copping wa Kikosi cha 260 cha Jeshi la Anga la Uingereza apotee nayo, Juni 1942. Alikuwa na miaka 24. Mwavuli wake wa kurukia kutoka ndegeni ulikuwa pale pale. Redio na betri zilikuwa zimetolewa nje, na inaelekea alijaribu kuita msaada. Upepo wa mchanga ulikuwa umeila rangi hadi bati likang'aa.

Baadaye ndege ilipelekwa makumbusho ya El Alamein, ikapakwa rangi mpya. Kwangu hilo lilikuwa kosa kubwa.

Mwenye kuzijua P-40, aina ya ndege za Marekani ambayo Waingereza waliziita Tomahawk na Kittyhawk, haanzi na rangi, maana rangi hubadilishwa kwa siku moja. Huanza na pua. Zile za mwanzo, Tomahawk, zina bunduki mbili juu ya pua. Kittyhawk hazina, bunduki zake zote zimo mabawani. Kisha hutazama mdomo wa kuvutia hewa juu ya injini. Ukiwapo, injini ni Allison. Usipokuwapo, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni P-40F, yenye injini ya Kiingereza, Merlin, iliyoundwa Marekani na kampuni ya Packard. Wengine hupima urefu wa mkia, wakidhani P-40F zote zina mkia mrefu, na hapo hukosea, kwa sababu P-40F za kwanza zilikuwa na mkia mfupi kama wa P-40E.

Lakini macho yana mwisho wake. Kittyhawk I karibu zote zina bunduki sita, na Kittyhawk IA pia zina sita. Ukiziweka ubavu kwa ubavu, kinachozitenganisha ni namba ya ndege: zinazoanza na AK na AL zilinunuliwa na Uingereza moja kwa moja, za ET zilikuja kwa mpango wa mkopo wa Marekani. Kwa hiyo kila herufi iliyofifia, kila alama ya kiwandani kwenye bati, ni ushahidi. Ukipitisha brashi juu yake, umeufunika.

Ndege itakayorushwa tena nailewa. Chuma cha zamani hakiaminiki angani, lazima mafundi waweke kipya, na wakifanya kwa uwazi nawapongeza. ET574 haikuwa ya kuruka. Makumbusho ya Jeshi la Anga jijini London wanayo Hurricane P3175, ndege ya kivita ya Uingereza iliyotunguliwa tarehe 31 Agosti 1940, na wameiacha vile vile ilivyofukuliwa, mabati yamejikunja. Hakuna aliyeinyoosha, na watu husimama mbele yake kimya.

Rangi ya El Alamein pengine haitoki tena bila kuliumiza bati. Basi angalau zile picha za 2012 zikuzwe, zitundikwe kando ya ndege, ili mgeni aone alichokiacha Copping.