Inchi si kipimo cha rimu, wauzaji mtuelewe

Juzi nilikuwa kwa fundi matairi Sinza, hapa Dar, nasubiri balansi, ikaingia Toyota Crown nyeupe, safi, ya kijana mmoja mpole tu, na kirikuu nyuma yake imebeba rimu nne za inchi 20 zikiwa na matairi yake kabisa. Fundi akafunga nyuma, akashusha jeki, na gari ilipokaa chini tu tairi likawa limeshaingia kwenye mdomo wa fenda. Gari haijatembea hata hatua moja. Nikadhani sasa watazitoa. Fundi akaenda kuchukua nyundo na kipande cha mbao, akamwambia "bosi hapa tunakunja huu mdomo kidogo, ukitoka hapa unakuwa fresh, ila nyuma usipakie watu watatu". Na kijana akasema poa fundi.

Yaani poa! Gari ya familia, imetoka Japani ina siti tano, ikaingia gereji mchana na jioni inatoka ikiwa ya watu wanne, na mwenye nayo kalipia hayo mabadiliko kwa pesa yake mwenyewe. Nimekaa na hilo jambo tangu siku hiyo na bado linaniuma, kwa sababu yule kijana hakudanganywa na mtu mmoja. Kadanganywa na namna nzima tunavyouza na kununua rimu hapa mjini.

Nenda Kariakoo, nenda Ilala, ulizia rimu. Utaulizwa maswali mawili tu: inchi ngapi, na matundu mangapi. Ukijibu kumi na nane, matano, unaletewa. Hakuna anayekuuliza upana, hakuna anayekuuliza ofseti, tundu la katikati ndio kabisaaa. Wakati inchi inakwambia kitu kimoja tu, kwamba tairi la ukubwa gani litavaa hiyo rimu. Kama rimu yenyewe itakaa vizuri kwenye gari yako, inchi haina habari nalo.

Tuanze na hayo matundu maana ndipo uongo unapoanzia. "Matundu matano" si kipimo jamani. Kipimo kina namba mbili: idadi ya matundu, halafu kipenyo cha duara yalipopangwa, kwa milimita. Premio ni 5x100, Crown na Mark X ni 5x114.3, BMW nyingi zilizojaa hapa mjini ni 5x120, Mercedes ni 5x112. Forester za zamani zote tulizozizoea ni 5x100, halafu hii iliyotoka 2018 wakahamia 5x114.3, kwa hiyo hata "rimu za Forester" haitoshi kusema. Na hatari kubwa haipo kwenye zile zilizopishana mbali, hizo zitagoma zenyewe. Hatari ni zinazokaribiana. Kati ya 112 na 114.3 kuna milimita mbili na kidogo, nati inaanza kuingia, fundi anaona inakuwa ngumu, anapiga mashine ya upepo, inakaza. Lakini imekaa upande. Stadi, ile bolti inayoshika nati, inavutwa kila tairi linapozunguka, na nati zinalegea ukiwa Chalinze huko. Wanaotoboa matundu mapya kati ya yale ya zamani sitaki hata kuwaongelea.

Sasa ofseti. Hapa naomba mnivumilie kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike.

Kila rimu nyuma yake ina namba imechapwa, mara nyingi karibu na tundu la katikati au kwenye moja ya mikono yake. Utakuta kwa mfano 7J, halafu ET50 au 50 tupu. J ni upana wa rimu kwa inchi. ET ndiyo ofseti yenyewe: umbali wa uso unaokaa kwenye hab (kile kitovu cha gari ambapo rimu inafungwa) kutoka katikati ya huo upana, kwa milimita. Namba ikiwa kubwa rimu inaingia ndani ya gari, ikiwa ndogo inatoka nje. Basi. Ni hisabati ya darasa la tano.

Wakati yule fundi anagonga fenda mimi niliinama nikasoma. Rimu ya zamani ya ile Crown: 7J, 50. Rimu mpya: 9J, 25. Inchi mbili zilizoongezeka zinagawanywa pande mbili, kwa hiyo milimita 25 zinaenda nje na 25 zinaenda ndani. Halafu ofseti imeshuka kutoka 50 hadi 25, maana yake rimu nzima imesogea nje milimita nyingine 25. Jumlisha. Upande wa ndani hakuna kilichobadilika, upande wa nje tairi limetoka sentimita tano nzima. Tano! Fenda ya Crown haina nafasi hiyo, na haikuhitaji fundi mwenye miaka ishirini kazini kujua, zilikuwepo namba nne na dakika moja ya kujumlisha kabla kirikuu haijapakia mzigo.

Na fenda ni sehemu ndogo ya tatizo, japo ndiyo inayoonekana. Beringi ya hab imetengenezwa ibebe uzito ukiwa mahali fulani. Beba ndoo ya maji mkono ukiwa umeunyoosha kando halafu ibebe ikiwa imegusana na mguu, utaelewa beringi inasikia nini unapopeleka tairi nje sentimita tano. Mbele ndio mbaya zaidi, steringi inaanza kuvuta kila unapokanyaga shimo au unapofunga breki upande mmoja ukiwa kwenye mchanga, kwa sababu tairi halizunguki tena kwenye mstari wake. Mtu anaanza safari za alaimenti, leo anaambiwa ball joint, kesho bushi, keshokutwa shokapu, anabadilisha vyote na gari bado inavuta. Hakuna aliyemwambia zile rimu. Wengine wanafanya kinyume, wanaweka ofseti kubwa mno, tairi linakwenda kukwangua shokapu kwa ndani, halafu wanaambiwa suluhisho ni spesa, kile kipande kinachokaa kati ya hab na rimu kuisogeza nje. Spesa nzuri iliyotengenezwa kwa ajili ya hab yako ipo, nakubali, lakini zile sahani za alumini zinazowekwa tu juu ya stadi zilezile fupi mpaka nati inashika nyuzi tatu nne, hapana. Hapana kabisa.

Kuna watakaosema inchi 18 kwenye Crown inapendeza. Inapendeza kweli, sibishi. Tena nitawasaidia hoja: Toyota wenyewe wameifunga. Crown Royal inakuja na 215/60R16, Athlete inakuja na 225/45R18. Piga hesabu. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Asilimia 60 ya 215 ni milimita 129, hiyo ni kimo cha ubavu, mara mbili ni 258, ongeza inchi 16 ambazo ni milimita 406, unapata tairi la milimita 664 kutoka ardhini hadi juu. Sasa ile ya 18: asilimia 45 ya 225 ni karibu 101, mara mbili 202, ongeza 457, unapata 660. Angalia walivyofanya. Rimu imepanda inchi mbili lakini tairi zima limebaki kimo kilekile, ubavu ndio umepungua. Ndivyo kubadilisha rimu kunavyotakiwa kuwa, na wala siyo siri ya kiwanda.

Yule kijana alikuwa na 245/40R20. Hiyo ni 196 na 508, jumla 704. Milimita arobaini zaidi ya tairi la zamani! Kwa hiyo juu ya kutoka nje sentimita tano, tairi limepanda pia sentimita mbili kuelekea kwenye fenda. Kwa nini kawekewa hilo na siyo 245/30? Kwa sababu lilikuwepo dukani. Jibu ni hilo tu, rimu za mtumba ziliingia nalo, na tairi likija na rimu muuzaji hataki kulitenganisha.

Na hapo spidomita imeshaharibika kimyakimya. Tairi limekuwa kubwa kwa asilimia sita, dashibodi inasoma 50 wewe unatembea 53. Mnaosafiri Morogoro Road mnajua vile vibao vya 50 vya vijijini na mnajua tochi ya kupima spidi inavyokaa, utabishana na askari unamwonyesha mshale wako na mshale wako ndio unaokudanganya. Elfu thelathini yako inaondoka na hujui kwamba imeanzia dukani kwa muuza rimu.

Sasa tuseme angewekewa hilo la 245/30R20 lenye kimo sahihi. Ubavu ni milimita 73 na nusu. Saba! Sentimita saba za mpira na upepo kati ya rimu na barabara zetu, haya matuta yasiyo na rangi, haya mashimo ya masika yanayojaa maji huyaoni mpaka umeingia. Kwenye tairi la 60 ulikuwa na karibu sentimita 13. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaendelea na safari au utatoka kuangalia rimu iliyopasuka. Kwa maoni yangu, kwa gari inayotembea kila siku hapa Dar na inayokwenda mkoani sikukuu, 17 ndiyo mahali pazuri pa Crown na Mark X, 18 ndiyo mwisho, na mwenye IST au Vitz akifika 15 ashukuru Mungu abaki hapo. Mtanuna, lakini ndio hivyo.

Tundu la katikati nalipitia haraka japo wengi linawatesa. Hab ya Crown ni milimita 60.1, Premio na ndugu zake wadogo ni 54.1, Subaru 56.1, Nissan 66.1. Rimu nyingi za dukani zinatengenezwa na tundu la 73.1 ili ziingie kila gari, kwa hiyo zinaelea, zinashikiliwa na nati peke yake, ukifika 90 steringi inatetemeka. Unarudi balansi, unarudi tena balansi. Tatizo ni kukosa ringi ya kuziba hiyo nafasi, kitu cha bei ndogo sana, na hukupewa kwa sababu hukuuliza na muuzaji hakujali. Nati nazo, zile bapa zenye washa za rimu za Toyota usizipeleke kwenye rimu ya dukani inayotaka nati za koni, hazikai. Na wenye Hiace mnaoweka matairi ya magari madogo ya saluni kwa sababu ni rahisi, soma namba ya uzito ubavuni, la Hiace limeandikwa 107 maana yake kilo 975 kwa tairi moja, hilo ulilonunua limeandikwa 91, yaani kilo 615, na wewe umepakia abiria kumi na mizigo juu.

Ninachokasirikia zaidi ni lile jibu la "itazoea". Tairi linakwangua, "endesha tu itazoea". Ni nini kitazoea? Chuma cha fenda hakizoei, kinakata. Kinakata kidogokidogo bega la nje la tairi, mpaka siku umejaza watu unakwenda msibani Singida, spidi 100, lori linakuja mbele. Wanaopata ajali siku hiyo siyo wewe uliyependa inchi 20 peke yako, ni mama yako siti ya nyuma na watu wa kwenye lile lori ambao hawakuwahi kuiona hiyo rimu dukani. Mimi hapo siwezi kucheka na mtu.

Kwa hiyo ukienda dukani, nenda na namba. Fungua mlango wa dereva, pale kwenye nguzo kuna kibandiko chenye saizi ya tairi na upepo wake. Toa rimu moja ya sasa hivi, igeuze, piga picha J na ET. Ukifika, igeuze na ya dukani, usikubali kuonyeshwa uso tu, uso ni rangi. Tafuta pia alama ya JWL, rimu za Japani zilizopimwa huwa nayo, na rimu isiyo na namba yoyote nyuma hata kama inang'aa iache hapohapo. Kabla hujatoa pesa omba ifungwe moja mbele na moja nyuma, kata steringi mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, halafu waite vijana watatu wa pale gereji wakae siti ya nyuma na mpite kwenye tuta taratibu madirisha yakiwa wazi. Msikilize. Muuzaji akikataa kufunga ya kujaribu mpaka umlipe kwanza, pakia rimu zako za zamani uondoke, duka linalofuata halipo mbali.